Povu la Mti wa Saba

Kituoni walimwita Mama Mashimo, naye aliitika. Hakuchimba ili apande, wala ili ajenge. Alichimba ili wengine wachungulie. Kila mwaka mvua zikikatika alishika jembe, sururu na kekee ya udongo, kile chuma kirefu chenye ncha ya msokoto, akashuka ardhini mpaka mabegani, na ukuta wa shimo lake ulinyooka kuliko kuta za nyumba nyingi za mjini. Wataalamu walikuja, wakapiga magoti ukingoni, wakatazama jinsi udongo unavyobadilika rangi tabaka kwa tabaka, wakaandika, wakaenda zao. Yeye akafukia.

"Leo unamzika nani?" mlinzi wa getini alimuuliza kila asubuhi akimwona na sururu begani.

"Nimekuja kukupima wewe. Simama wima nione urefu."

"Mimi mrefu, shemeji. Utachimba mpaka ukute maji."

"Nitakukunja."

Hawakuwa mashemeji kwa lolote, ila utani wa miaka kumi na miwili hujenga ukoo wake.

Nyuma ya ofisi za kituo kile cha utafiti kulikuwa na shamba la miti mia mbili, safu ishirini, kila safu miti kumi, kila mti na kibati chake cha nambari. Siku ya kwanza kabisa, miche ikiwa bado inafika magotini, mtaalamu wa udongo waliyemwita Daktari alichuchumaa karibu na Mama Mashimo, akachora chini kwa kijiti. Alikuwa kijana wakati ule, mwenye suruali moja ya kazini, na hakuona haya kumweleza kibarua aliyeishia darasa la tano.

"Mti unavuta hewa ya ukaa, hii inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda," alisema. "Miti mingi huigeuza kuwa mbao na majani. Ukikata ukachoma, hewa inarudi ilikotoka. Lakini huu wetu una ujanja. Ndani ya majani na magome unatengeneza vichembe vya madini. Jani likianguka, kuvu na vijidudu vya udongoni vinavila, na mwisho wa yote kinabaki kijiwe cheupe. Hewa imefungwa ndani ya jiwe, mama. Haitoki hata miaka elfu."

"Na tutajuaje kama jiwe limezaliwa?"

Daktari alitoa mfukoni kichupa chenye mdomo wa kudondosha. Kilikuwa na asidi. Aliokota kipande cha ukuta wa zamani, akakitia tone, na tone likatoa povu kama sabuni. "Udongo ukiwa na jiwe la namna hii, utatoa povu. Usipokuwa nalo, utanyamaza. Udongo haujui kusema uongo."

Tangu siku hiyo kichupa kilikaa kwenye aproni ya Mama Mashimo. Vibarua wengine hawakuruhusiwa kukigusa. Nyumbani alikiweka juu ya kabati, mbali na mikono ya watu, na alikijua uzito wake kama mtu anavyojua uzito wa ufunguo wa nyumba yake.

Mwaka wa tatu povu la kwanza likatokea, kwenye mti nambari saba, safu ya mbele, karibu na bomba la maji. Mwaka wa sita shimo la pembeni mwa mti ule lilitoa vibonge vyeupe, ukubwa wa punje za mahindi. Daktari alivishika kiganjani, kisha akamkumbatia Mama Mashimo mbele za watu, na tope lake lote. Picha ya mti wa saba ikatundikwa ukumbini. Wageni wakaanza kuja kwa mabasi: wafadhili, wanafunzi, wakulima. Wakulima walipewa miche bure na kuambiwa kwamba siku moja mawe yale yangenunuliwa na wenye viwanda vya moshi yakiwa bado ardhini, bila kubebwa wala kupimwa kwenye mizani. Mlinzi alikuwa wa kwanza kung'oa mihogo yake na kupanda miti mia tatu.

"Mimi naotesha mawe," alijisifu getini. "Nyinyi endeleeni kuotesha njaa."

Kazi nyingine ya Mama Mashimo ilikuwa chokaa. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa usafi. Wageni wakitangazwa tu, tangazo lilibandikwa ubaoni: mashina yote yapakwe chokaa mpaka kiunoni, na mawe ya kando ya njia vilevile. Mashina yote maana yake ni safu nne za mbele. "Mgeni hapiti nyuma," alisema Mkuu, na nyuma kweli hakuna mgeni aliyepita, maana hata mashimo yalichimbwa mbele ili viatu vya watu visichafuke.

Aliishi ndani ya uzio wa kituo, kwenye vyumba viwili vya mwisho vya nyumba za wafanyakazi, pamoja na mama mkwe wake. Mumewe aliondoka zamani akamwachia mama yake kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Bibi yule hakuwa akiona vizuri, ila ulimi wake haukupungukiwa na kitu. Nyumba zile zilikuwa za waajiriwa wa kudumu. Kibarua aliishi humo kwa hisani ya Mkuu, na hisani ni kamba ambayo mwenyewe hajaachia ncha. Kwa hiyo kwa miaka kumi na miwili Mama Mashimo alisubiri jambo moja: barua ya ajira. Akiipata, vyumba viwili ni vyake mpaka astaafu. Akiikosa, siku yoyote ni siku ya kufunga virago.

"Mradi ukipita ukaguzi," Mkuu alimwahidi, "barua yako ndiyo ya kwanza."

Ukaguzi ukatangazwa. Wafadhili walitaka kuutangaza mti ule nchi nyingi, na kabla ya hapo walituma mkaguzi kutoka nje. Barua yake ilikuwa fupi: miti mitano itachaguliwa kwa kura, kutoka safu zote ishirini.

Daktari hakuwa na wasiwasi. "Mama, pitia safu za nyuma na kekee. Tia tone kila mahali, uniambie povu ni kubwa kiasi gani, tusije tukashangazwa."

Alianza safu ya kumi na nne. Akazungusha kekee, akatoa udongo, akaufungua kiganjani. Ulikuwa mweusi, laini, umejaa vimizizi kama nywele. Akadondosha tone. Tone likazama, kimya. Akarudia. Kimya. Akaenda safu ya kumi na tano, ya kumi na saba, ya ishirini. Akachimba kina cha mkono, kina cha goti, kina cha kiuno. Udongo ulimtazama tu.

Asidi imekufa, alijiambia. Akarudi mbele, akachota udongo chini ya mti wa saba, akatia tone kutoka kichupa kilekile. Povu likaumuka kama maziwa yanayofurika sufuriani.

Alikaa chini. Bomba lilikuwa likidondoka. Chini ya bomba sementi ilikuwa na gamba jeupe, na gamba lile lilishuka kwa mfereji mdogo mpaka kwenye mizizi ya mti wa saba. Hakuna aliyeuchimba mfereji ule kwa jembe. Ulichimbwa na maji ya kuoshea ndoo. Kila wageni walipokuja, baada ya kupaka mashina, alikuja hapa na ndoo nne, akazisuuza, akamwaga masalia ya chokaa pale pale mtini, maana Mkuu hakutaka kuona ndoo chafu stoo. Mara sita kwa mwaka. Miaka kumi na miwili. Na safu zilizobaki za mbele, mvua iliosha mashina na kupeleka chokaa chini taratibu, tone kwa tone, wakati Daktari akiandika vitabu.

Mtu mwingine angefukia vishimo vyake akaenda kunywa chai. Yeye alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari, bila hata kunawa, akiamini anampelekea mtu mwenye kiu maji.

"Daktari, nyuma hakuna kitu."

"Miti ya nyuma imechelewa kidogo. Kivuli."

"Daktari, mimi nilikuwa naosha ndoo za chokaa pale kwenye mti wa saba."

Daktari aliacha kuandika. Nje mtu alikuwa akifagia; ufagio ulisikika wazi.

"Tangu lini?"

"Tangu tuanze."

"Na hukusema?"

"Hukuuliza. Nani huuliza ndoo zinaoshewa wapi?" Kisha akauliza lile lililokuwa likimkereketa njia nzima. "Chokaa inatoka wapi, Daktari?"

"Tanurini. Mawe yanachomwa."

"Yakichomwa, hewa iliyokuwa ndani ya jiwe inakwenda wapi?"

Daktari alirudisha macho kwenye karatasi yake. Alilijua jibu kuliko yeye. Hewa hutoka na moshi wa tanuri, na chokaa ikipakwa mtini huivuta tena kidogo kidogo mpaka iwe jiwe. Kwa hiyo miaka yote ile walikuwa wakishangilia hewa ambayo wao wenyewe waliiachia kwanza. Mti haukuwa na habari.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza hatimaye.

Mama Mashimo alikuja kulikumbuka swali lile kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa.

Kesho yake aliitwa kwa Mkuu. Daktari alikuwa amekaa pembeni, miguu pamoja, kama mwanafunzi aliyeletwa na mzazi. Mezani kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, ina nembo ya kituo, haina sahihi.

"Unajua kusoma, mama?"

"Najua kiasi."

"Basi soma kichwa chake."

Alisoma. Ilikuwa ni barua yake.

"Nitaitia sahihi mkaguzi akipanda gari," alisema Mkuu. "Sasa sikiliza. Jumapili hakuna watu. Chukua chokaa, paka safu zote mpaka ya ishirini, na ndoo ukazioshee huko huko nyuma. Kwisha kazi."

"Haitafaa," Daktari akasema.

Mama Mashimo alidhani amepata mtetezi. Alimgeukia.

Daktari alikuwa akiangalia viganja vyake. "Chokaa mbichi haitoi povu, Mkuu. Inahitaji miezi ikae na hewa. Kwa siku chache hizi... ingefaa unga wa mawe ya chokaa. Yaliyosagwa. Uingizwe chini kwa kekee, kina cha mkono."

Alisema polepole, kwa sauti ileile ya siku ya kijiti. Alikuwa mwalimu mzuri, hilo hakuna wa kumnyima.

"Si umesikia?" Mkuu alimwambia Mama Mashimo. "Hakuna anayejua vishimo kama wewe."

Nyumbani mama mkwe alikuwa ameketi kitandani akichambua mchele kwa vidole, maana macho hayakuweza.

"Mama, wanataka nikafukie unga shambani."

"Unga wa nini?"

"Wa mawe."

"Basi si wa kula. Fukia."

"Ni udanganyifu, mama. Watu wamepanda miti kwa ajili ya povu lile. Mlinzi wa watu kang'oa mihogo yake yote."

"Mlinzi ana miguu ya kuikimbia njaa. Mimi sina." Bibi aliendelea kuchambua. "Ardhi ni ya nani? Yao. Miti? Yao. Hata jembe unalolala ukilisifia ni lao. Hapa petu ni kuta hizi tu, na bado hazijawa zetu. Sasa wewe uongo wa nani unakuuma?"

"Nitakuwa nimedanganya mimi."

"Mwanangu wa kumzaa alisema anakwenda kununua kiberiti. Mwaka wa tisa huu. Mimi uongo naujua, mkwe wangu, nimeunyonyesha. Haukuui. Kulala nje kunaua."

Bibi hakuwa mbaya. Alikuwa mzee, na mvua zilikuwa zinakaribia.

Jumapili mchana alisukuma toroli lenye magunia mawili. Mlinzi akamfungulia geti la shamba.

"Mbolea?"

"Mbolea."

"Nibakizie hata bakuli, shemeji. Miti yangu ina miaka minne, haijaniotea hata changarawe. Au siku moja pitia na kichupa chako unitie moyo. Mke wangu ananiita mkulima wa mawe, na si kwa mapenzi."

"Nitapita," alisema, akasukuma toroli.

Akaanzia safu ya kumi na tano, mti wa mia na arobaini na moja. Akatoboa vishimo vinne kuuzunguka, akamimina unga, akafukia, akashindilia kwa kisigino. Akaenda mti wa mia na arobaini na mbili, akafanya vilevile. Kwenye wa tatu alitoa kekee ikiwa imejaa ule udongo mweusi, unanukia kama nyumba ya majani iliyonyeshewa. Alikumbuka udongo wa hapo walipoanza: mwekundu, mgumu kama tofali, sururu ilikuwa ikirudi mkononi. Huu haukuwa na povu, lakini haukuwa ule. Akatazama gunia jeupe, akatazama kiganja chake. Mkono ukakataa. Hakusikia sauti ya dhamiri wala nini. Alichoka tu, ghafla, kama mtu aliyebeba kitu muda mrefu bila kujua anabeba. Akarudisha magunia stoo, akafunga mlango.

Ile miti miwili hakuifukua. Alijiambia kati ya miti mia mbili, nani ataiona miwili.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya shamba vilivyochakaa ncha. Mama Mashimo aliviona viatu vile akajua: huyu huchimba mwenyewe. Mkuu aliandaa kofia yenye vijikaratasi, akataka avute mgeni mmoja wa heshima aliyemwalika. Mkaguzi akavuta mwenyewe, akasoma: themanini na nane, mia na sitini na tatu, kumi na mbili, mia na sabini na tano. Cha mwisho kilikuwa mia na arobaini na moja.

Themanini na nane ulinyamaza. Mia na sitini na tatu ukanyamaza. Daktari alianza kutokwa jasho juu ya mdomo. Aligeuka akamtazama Mama Mashimo, na macho yake yalikuwa yakiuliza, unga uko wapi? Kumi na mbili ulitoa povu, kama safu zote za mbele. Mia na sabini na tano ukanyamaza. Mia na arobaini na moja ulifoka mpaka Mkuu akapiga makofi.

Mkaguzi hakupiga. Aliuvunja udongo, akausugua kati ya vidole karibu na sikio, kama anasikiliza.

"Punje hizi bado zina kona," alisema. "Jiwe lililozaliwa hapa lingeshikana na mizizi. Hili limekuja kwenye gunia, na halina wiki. Nani kaliweka?"

Mkuu alikohoa. Daktari aliinama kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Mimi," alisema Mama Mashimo.

"Kwa nini?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na hawa wawili. Huyu alinionyesha barua yangu ya ajira. Yule akataja unga."

"Mgeni wetu," Mkuu alicheka kwa masikitiko, "kibarua akiharibu hutafuta mkubwa wa kuanguka naye. Huyu mama tunamhifadhi hapa kwa huruma, yeye na mkwe wake. Daktari, wewe ulimwambia aweke unga?"

Wote walimsubiri Daktari. Alisimama, akajipangusa magoti.

"Kuna mkanganyiko," alisema. "Labda mama hakunielewa."

Basi Mama Mashimo akaamua kumwaga yote, maana chungu kilichovunjika hakiogopi kupasuka. Alimpeleka mkaguzi bombani, akamwonyesha gamba jeupe, mfereji, mizizi ya mti wa saba. Akaeleza ndoo, safu nne, mvua. Hakujiondoa: "Mwagaji ni mimi. Sikujua, lakini ni mimi." Mkaguzi aliandika kila neno. Kisha, bila kuombwa, akarudi mpaka ule wa mia na sitini na tatu, akapiga magoti shimoni.

"Udongo huu ulikuwa hivi zamani?"

"Ulikuwa mwekundu kama tofali. Mwaka wa kwanza ulinivunjia mipini miwili."

"Na weusi huu unashuka mpaka wapi?"

Mama Mashimo alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. "Mpaka hapa."

"Ni mizizi na majani yaliyooza. Hiyo nayo ni hewa iliyofungwa, mama. Haidumu kama jiwe, lakini si kidogo."

"Basi andika."

"Nitaandika. Ila mkataba ulisema jiwe."

Ripoti ilipofika, weusi ulipewa mistari miwili ukurasa wa mwisho. Kurasa za mbele zilisema mradi umesimamishwa kwa sababu ya matokeo kuchafuliwa, na kwamba kuhusu udanganyifu wa unga kuna kauli mbili zinazopingana na hakuna shahidi. Mkuu hakuhitaji zaidi. Alibandika tangazo ubaoni, palepale alipozoea kubandika matangazo ya chokaa: kibarua mmoja ameachishwa kwa uzembe na hila. Siku saba za kutoka kwenye nyumba.

Walihamia chumba kimoja cha kupanga nyuma ya karakana ya welda. Mama mkwe alipelekwa kwa toroli lile lile, kwa kuazima, ameshika sufuria mapajani. Walipofika aliupapasa ukuta, akanusa.

"Kuta zina unyevu," alisema. "Hongera kwa ukweli wako."

Hakurudia tena, na ingekuwa afadhali arudie.

Mlinzi alikuja mwezi wa pili tangu wahame, na baiskeli imebeba kuni. Alishusha mzigo mlangoni bila utani.

"Miti yangu hiyo. Nimeikata. Nimesema nikuletee kidogo, usije ukasema nimekususa."

"Karibu ndani, shemeji."

"Sikai." Alitazama kuni, si yeye. "Ile Jumapili ulinijibu mbolea."

"Nilikujibu hivyo."

"Watu wa ofisini wanidanganye, hiyo ni kazi yao. Lakini wewe ungeniambia mimi kwanza. Mimi kabla ya mkaguzi. Mimi nilikuwa nakufungulia geti."

Mlinzi alitoa mfukoni gazeti lililokunjwa, akampa. Kulikuwa na picha ya Daktari kwenye jukwaa, nyuma yake mti wa saba umekuzwa mpaka ukajaa ukuta. Alikuwa amehutubia mkutano mkubwa wa wataalamu wa udongo: jinsi chokaa ya kupamba miti inavyoweza kuwadanganya watafiti dunia nzima, na jinsi kituo chao kilivyokuwa na ujasiri wa kuligundua kosa na kulitangaza. Walimpigia makofi wamesimama. Alisifiwa kwa uaminifu.

"Nimekutafuta humo," alisema mlinzi akipanda baiskeli. "Uko mstari wa tisa. Umeandikwa 'vibarua'."

Kazi haikumkosa. Mtu anayejua kunyoosha ukuta wa shimo halali njaa mahali ambapo nyumba zinaota kila siku na kila nyumba inataka choo. Walimtafuta mafundi, wakamwonyesha alama nne za vigingi, naye akashuka. Mchana mmoja alikuwa amefika kina cha kimo chake, juu wamebaki wanawake wa nyumba wakitwanga na kuongea, aliposikia sauti anayoijua.

"Mama Mashimo. Nimekutafuta sana."

Aliinua uso. Daktari alikuwa ukingoni, viatu vyeusi, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alikuwa ameota kitambi kidogo.

"Nilikuwa hapa hapa chini," alimjibu.

"Nimeleta habari njema. Ule weusi uliomwonyesha mkaguzi, kuna watu wameusoma. Wamekubali tuupime upya, safu zote, mpaka kina cha kiuno. Miaka mitano. Nikasema, hakuna anayeshuka wima kama mama yangu."

"Kwa barua?"

"Kwa kibarua kwanza. Mkuu bado ana kinyongo, lakini mimi nitazungumza naye taratibu."

Aliegemea mpini wa sururu. Jasho lilimwingia machoni, akalifuta kwa kiwiko.

"Kule mkutanoni ulisema nani aliona ndoo?"

"Nilisema kituo."

"Kituo kina macho mangapi, Daktari?"

"Mama, yale mambo yalikuwa magumu kwetu sote."

"Kwako yalikuwa magumu wapi? Nionyeshe nikuonee huruma."

Daktari alibadili mguu. Labda alikuwa na jibu la kweli. Alikuwa mtu wa kujibu maswali, na zamani alijibu hata ya kibarua. Lakini juu palikuwa na wanawake, na mchi ulikuwa umenyamaza ili wasikie.

"Fikiria," alisema. "Kazi unaipenda. Najua unaipenda."

"Naipenda." Hilo hakulikana, na lilimuuma kulisema. "Ila hii nayo ni kazi. Na shimo hili mwenyewe hafichi kitakachoingia humo."

Mwanamke mmoja alicheka juu, akajiziba. Daktari alisogea mbele ili aongeze neno, akainama, na kiatu chake kikabomoa ukingo. Tonge la udongo likateleza ukutani, likamvunjikia Mama Mashimo begani na kumwingia kifuani.

Alijipangusa, akashika mpini.

"Rudi nyuma kidogo, Daktari," alisema. "Unaniangushia udongo."